Cheo Bila ya Uraia

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu mwenye duka Kwa Sadala, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mbele ya wanachama wa visiwani wanaofanya biashara upande huo. Tunaitoa kama ilivyosomwa. — Mhariri)

 

Tumepewa ruhusa ya kusema machache juu ya azimio alilolisoma Katibu punde hivi, lile linalotaka chama chetu kidai kwamba "wageni waondoshwe katika vikosi." Aliyeliandika ameliandika kwa nia njema. Machungu yaliyolizaa tunayajua, na wako humu ndani wanaoyajua kwa alama zilizobaki mwilini. Hatukusimama kuyadharau machungu hayo. Tumesimama kwa ajili ya neno moja tu lililo ndani ya azimio, nalo ni hilo neno "wageni."

Kwanza na tujitazame wenyewe. Tuliokaa juu ya majamvi haya ni watu wa Wete, wa Chake, wa Mkoani, wa Makunduchi na wa Mjini, nasi tunauza kanga, sukari, ndoo na simu za mkononi kwa Wachaga wa Machame na Masama na kwa Wamasai wanaokuja sokoni. Ndizi tunazokula ni zao, na maji tunayotilia udhu yanateremka kutoka mlimani kwao. Tangu tulipofungua milango hapa hatujasikia mtu akisimama katika mkutano akadai kwamba wageni wa Kwa Sadala waondoshwe. Siku atakaposimama, tutataka atwambie kosa letu ni lipi, wala hatutaridhika akitujibu kwamba kosa letu ni kuzaliwa ng'ambo ya maji.

Lakini haya ni ya pembeni. Azimio linahusu watu wenye silaha na vyeo, na jambo hilo lina khabari yake. Khabari hiyo tumeichagua kwa sababu imepita karibu sana na hapa tulipokaa.

Mji wa Moshi u karibu. Mtu apandaye gari asubuhi kwenda kuchukua bidhaa hurejea akafungua duka. Katika mji huo, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, walikusanyika Waganda waliokuwa wameukimbia utawala wa Idi Amin. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yamekwisha kuvuka mpaka na yanaelekea Kampala, na Mwalimu Nyerere hakutaka dunia iseme kwamba Tanzania inaitia mkononi nchi ya watu. Ikapasa Waganda waunde chombo chao wenyewe. Kikaundwa chama cha ukombozi cha pamoja, mwenyekiti wake akawa Profesa Yusuf Lule. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Lule akashika urais, akakaa siku 68, akaondoshwa. Akaja Godfrey Binaisa, naye mwezi wa Mei 1980 akajaribu kumtoa David Oyite Ojok katika ukuu wa wanadhimu wa jeshi. Aliyetoka ni Binaisa.

Sababu ya hayo ilikuwa wazi tokea Moshi. Walikuja mkutanoni watu wenye hoja, na walikuja watu wenye majeshi, na kila jeshi lilikuwa na bwana wake. Milton Obote hakuhudhuria mwenyewe, lakini watu wake wa Kikosi Maalum walikuwapo vitani chini ya Tito Okello na huyo Oyite Ojok. Yoweri Museveni alikuwa na Fronasa. Museveni si mgeni katika mlima huu: baada ya Amin kupindua mwaka 1971 alipata kuwa mwalimu katika Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho leo ni Chuo Kikuu. Hapana shaka wako wazee wa mjini waliopita mbele yake darasani wakijifunza mambo ya vyama vya ushirika, ilhali mwalimu moyoni mwake anawaza bunduki.

Askari wa majeshi ya namna hiyo hana serikali, ana bwana. Bunduki ameipata kwa bwana, viatu amevipata kwa bwana, na cheo chake kitadumu muda wa kudumu fadhila za bwana. Sisi wenye maduka tunaifahamu biashara hii. Mwenye ghala hutupa mzigo kwa mali kauli. Hatuweki dhamana, wala haandiki mkataba, ametuamini tu. Mzigo ukiwa rafuni kila apitaye hudhani ni mali yetu. Lakini mwenye ghala akikasirika, au akipata mteja mwingine anayempendeza zaidi, huleta gari lake akaupakia, nasi tunabaki na rafu tupu. Hatuna pa kushitaki, kwani karatasi hatunayo.

Tuyashike maneno hayo, kwani yamtazamie kijana mmoja wa Fronasa aliyeitwa Fred Rwigyema. Alizaliwa Rwanda mwaka 1957. Machafuko yalipoanza huko mwaka 1959 Watutsi wengi waliikimbia nchi, na wazee wake wakamchukua akiwa mtoto mdogo hadi Uganda, akakulia katika kambi ya wakimbizi huko Ankole. Mwaka 1976 aliacha skuli akaja Tanzania kujiunga na Museveni, kisha akapelekwa Msumbiji kufunzwa vita. Katika vita vya 1979 alikuwamo. Huyu hakuwa na nchi. Rwanda ilikuwa haimtaki, na Uganda ilimhesabu katika daftari la wakimbizi.

Uchaguzi wa Uganda ulifanyika Desemba 1980, Obote akatangazwa mshindi, na Museveni akashindwa hata jimboni kwake. Akasema kura zimeibwa, akaingia msituni. Tarehe 6 Februari 1981 waliishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba, watu arubaini hivi na bunduki 27. Katika hao arubaini walikuwamo Wanyarwanda wawili: Rwigyema, na mwenzake wa umri mmoja, Paul Kagame, naye pia mtoto wa wakimbizi. Wawili katika arubaini. Jeshi la wageni halianzi kwa idadi hiyo, na lau mambo yangeachwa hivyo pengine wangebaki wachache hadi mwisho.

Aliyewafanya wengi ni adui yao. Serikali ya Obote ilikuwa ikiwatangazia wananchi kwamba jeshi la msituni ni jeshi la Wanyarwanda, na Museveni mwenyewe ni Mnyarwanda. Maneno haya yalipendeza masikioni mwa watu, kwani ni rahisi kumchukia asiyekuwa wa kwenu. Oktoba 1982 viongozi wa chama tawala huko Ankole na vijana wao waliwavamia watu wa asili ya Rwanda, wakimbizi na wasiokuwa wakimbizi, wakawachomea nyumba na kuwanyang'anya ng'ombe. Makumi ya maelfu walifukuzwa. Wengine walibanwa mpakani, mbele mlango umefungwa na Rwanda, nyuma moto. Kijana wa miaka kumi na minane aliyekaa hali hiyo afanye nini? Walikwenda msituni makundi kwa makundi. Tunaomba aliyeandika azimio letu alitie jambo hili akilini, kwamba kelele za kuwakemea wageni ndizo zilizowaandikisha wageni jeshini.

Tarehe 26 Januari 1986 jeshi la Museveni liliingia Kampala likiwa na askari wanaokadiriwa kufika 14,000, na kiasi cha 3,000 katika hao walikuwa Wanyarwanda. Ukichukua askari watano, mmoja ni mkimbizi au mtoto wa mkimbizi. Na katika ukamanda sehemu yao ilionekana zaidi kwa macho, kwani walikuwamo tokea mwanzo, na vitani anayekaa sana bila ya kufa hupanda. Rwigyema akawa Naibu Kamanda wa Jeshi. Vyeo rasmi vilipotolewa mwaka 1988 alivishwa umeja jenerali, akawa pia Naibu Waziri wa Ulinzi. Kagame akawekwa katika upelelezi wa jeshi, akafikia kuikaimu idara nzima.

Je, ilikuwa fadhila ya bwana au ilikuwa haki yao? Twasema kwa insafu kwamba vyeo hivi walivitolea jasho na damu. Hatujui mtu, hata katika maadui zao, aliyesema kwamba Rwigyema alikuwa askari mbaya. Wengi husema askari wake walimpenda kuliko kamanda yeyote. Basi ila haikuwa katika kupewa cheo. Ila ilikuwa kwamba alipewa cheo akanyimwa kile ambacho cheo chapaswa kusimama juu yake. Mwezi wa Julai 1986 Museveni alitamka kwamba Mnyarwanda aliyekaa Uganda miaka kumi na zaidi atakuwa mwananchi. Neno hilo halikufungwa katika sheria. Likabaki ni neno la bwana, na neno la bwana ni mali kauli.

Wenyeji wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa bure. Uganda ya 1987 na 1988 ilikuwa na vita kaskazini, na makamanda waliopelekwa huko kupigana na raia wa Uganda walikuwamo hao waliohesabiwa wageni. Maofisa wenyeji waliokuwa wakingoja nafasi nao waliona nafasi zimekaliwa. Museveni wakati wa msituni alihitaji watu wasiokuwa na pa kwenda, kwa sababu asiyekuwa na pa kwenda hakimbii. Alipokwisha kukaa Ikulu alihitaji watu wengine, wenye makabila na majimbo na kura. Hesabu ikageuka. Novemba 1989 Rwigyema akaondoshwa katika vyeo vyake. Agosti 1990, katika ugomvi wa ardhi ya marancha ya Mawogola, lilipita bungeni neno kwamba asiyekuwa mwananchi hana haki ya kumiliki ardhi. Meja jenerali mzima, aliyewatia wengine Ikulu, alikuwa hawezi kusema mbele ya sheria kwamba shamba hili ni langu.

Hapo gari la mwenye ghala lilikuwa limekwisha kuupakia mzigo. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao rafuni walikuwa wamebakiwa na bunduki.

Wakimbizi hao walikuwa na chama chao tokea 1987. Huko Rwanda, serikali ya Juvénal Habyarimana ilikuwa imesema kwamba nchi imejaa, haiwezi kuwapokea wote. Mwishoni mwa Septemba 1990 Museveni na Habyarimana wote wawili walikuwa New York katika mkutano wa dunia juu ya watoto. Rwigyema akawa anakusanya askari, na aulizwapo husema ni matayarisho ya gwaride la sikukuu ya uhuru, tarehe 9 Oktoba. Tarehe 1 Oktoba, askari wa jeshi la Uganda kwa maelfu waling'oa alama za vyeo mabegani, wakavuka mpaka pale Kagitumba wakiwa ni jeshi jengine. Siku ya pili Rwigyema akauawa. Kagame alikuwa masomoni Marekani, katika chuo cha kijeshi cha Fort Leavenworth. Akarudi akashika uongozi.

Wako wasemao kwamba hii ilikuwa khiyana, kwamba ofisa aliyekula kiapo cha nchi moja amechukua silaha zake na kwenda kupigania nyengine. Kwa sheria za jeshi ni kweli, na hatuna hoja ya kuipinga. Lakini kiapo kina pande mbili. Nchi iliyomwapisha ilikuwa haijakubali kumwita wake. Tukimlaumu aliyevunja, tumuulize na aliyefunga kile kiapo alikifunga kwa kamba gani.

Yaliyofuata Rwanda yanajulikana: vita, kisha mauaji ya halaiki dhidi ya Watutsi kuanzia Aprili 1994, watu mamia ya maelfu wakachinjwa katika muda wa siku mia. Dhambi hiyo iko juu ya waliopanga na waliochinja, wala mtu asitumie khabari yetu kuwapunguzia. Sisi tunazungumza juu ya vyeo tu, na katika vyeo Kampala haikuwa ya mwisho.

Kwani James Kabarebe, mkimbizi mwengine aliyekulia Uganda na aliyepita katika majeshi yote mawili, aliingia Kinshasa pamoja na Laurent Kabila mwezi wa Mei 1997. Kabila alikuwa hana jeshi lake la kutosha. Jeshi lililomfikisha lilikuwa ni la Rwanda kwa sehemu kubwa. Akamfanya Kabarebe mkuu wa wanadhimu wa jeshi la Kongo. Ofisa wa nchi nyengine akawa juu ya majenerali wa Kongo katika mji mkuu wao, na watu wa Kinshasa walikasirika kama tungalikasirika sisi. Julai 1998 Kabila akamwondosha, na mwisho wa mwezi akawaamuru askari wote wa kigeni warudi makwao. Tarehe 2 Agosti vita vikawaka mashariki ya nchi, na tarehe 4 Kabarebe akateremka na ndege zilizojaa askari huko Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki, ng'ambo kabisa ya Kongo. Hapa pana tofauti na Rwigyema, kwani Kabarebe alikuwa na nchi nyuma yake. Lakini mwenye kumpa cheo alikuwa na hesabu ile ile: nimtumie leo, kesho nimwambie aende zake.

Mtu atasema: basi azimio liko sawa. Wageni ni khatari jeshini, waondoshwe.

Tuvukeni bahari kidogo, kwani uko mfano wa jeshi la vita vya wenyewe kwa wenyewe lililojaa wageni kuliko la Museveni, na mwisho wake haukuwa huu. Marekani ilipigana yenyewe kwa yenyewe tangu 1861 hadi 1865. Katika jeshi la serikali ya Abraham Lincoln kiasi cha robo ya askari walizaliwa nchi za nje, Wajerumani na Waairishi wakiwa wengi. Lincoln aligawa ujenerali kwa fadhila za siasa waziwazi, bila ya haya. Alitaka Wajerumani wajiandikishe na alitaka kura zao, basi akampandisha Franz Sigel, mwanamapinduzi aliyeshindwa kwao katika machafuko ya 1848 na 1849, na aliyekuwa mwalimu huko St. Louis vita vilipoanza. Akampandisha Carl Schurz, aliyempigia kampeni kwa Wajerumani katika uchaguzi wa 1860. Kwanza akampa ubalozi wa Uhispania, kisha mwaka 1862 ujenerali. Waairishi nao walikuwa na Thomas Francis Meagher, mfungwa aliyewatoroka Waingereza kutoka Tasmania. Kipo na kisa kinachosimuliwa, kwamba Lincoln alimchagua Alexander Schimmelfennig katika orodha kwa sababu jina lenyewe lilikuwa la Kijerumani hata haliwezi kutamkika. Ikiwa ni kweli au ni mzaha wa watu, maana yake ni ile ile.

Je, walikuwa majenerali wazuri? Baadhi yao hapana. Sigel alipigwa huko New Market tarehe 15 Mei 1864, na katika waliompiga walikuwamo wanafunzi wa skuli ya kijeshi. Mwaka mmoja kabla, huko Chancellorsville, kikosi kilichokuwa na Wajerumani wengi kilishambuliwa kwa ghafula kikavunjika, na magazeti yakawatupia Wajerumani lawama zote, ingawa waliokimbia siku ile walikuwamo na wenyeji tele. Kwa ujuzi wa vita, Rwigyema angaliwafundisha wengi katika hao.

Lakini vita vilipokwisha hakuna Mjerumani aliyekusanya jeshi akavuka mpaka. Kwa nini? Kwa sababu Sigel na Schurz walipewa cheo wakiwa na kura mkononi. Lincoln aliwapa kwa kuwa aliwahitaji wao na watu wao katika uchaguzi, na anayehitajiwa katika uchaguzi ana pa kusimama hata bwana akikasirika. Wala hakuishia kwa wakubwa. Tarehe 17 Julai 1862 ilipitishwa sheria kwamba mgeni yeyote aliyetumikia jeshi akaachishwa kwa heshima aweza kupata uraia baada ya mwaka mmoja tu wa makaazi. Askari mdogo asiyejua Kiingereza alitoka vitani na karatasi yake, akanunua shamba. Schurz akawa seneta wa Missouri, kisha waziri. Fadhila ya siasa ilikuwapo, na uchafu wake ulikuwapo, ila chini yake palikuwa na sheria iliyombeba aliyepewa.

Na waliosoma chuoni hawana haja ya kwenda mbali hata huko. Muhajirina walipofika Madina bila ya kitu, hawakupewa panga peke yake wakaambiwa tulindeni. Walifungwa udugu na Ansari, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba. Saad bin Rabii alimtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamshukuru, akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Sisi wachuuzi tunakipenda sana kisa hiki kwa ajili ya soko, lakini tusisahau kwamba udugu ulitangulia soko, na ulitangulia vita vya Badri.

Sasa turudi kwetu, na hapa tunaomba mtustahmilie, maana ni pahala penye kidonda. Serikali iliyopata uhuru wa Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963 ilirithi polisi ambao wengi wao walikuwa watu wa bara, wa Tanganyika, Kenya na Nyasa, walioandikwa na Waingereza. Serikali ile ikawaogopa, ikaanza kuwaachisha kazi. Tunafahamu kwa nini iliwaogopa. Lakini watu waliofunzwa bunduki, wanaozijua ghala za silaha mlango kwa mlango, waliachwa mjini bila ya kazi na bila ya neno la kueleweka. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 baadhi yao walikuwamo katika walioshambulia Ziwani na Mtoni. Na aliyejiita Jemadari Mkuu usiku ule, John Okello, alikuwa mtu wa Lango, Uganda, aliyefika Pemba mwaka 1959 kutafuta kazi, fundi wa kujenga. Redioni alikuwa Jemadari. Hakupita mwezi wa Machi 1964, wale wale waliopata dola kwa usiku ule wakamzuia kurejea Unguja. Tunayo sababu ya kutomlilia Okello, na hatumlilii. Tunasema tu kwamba alitumiwa akatupwa, kama Rwigyema, na kwamba polisi walitupwa kabla yake, na kila mara aliyelipa gharama ya kutupwa huko ni raia aliyekuwa amelala nyumbani kwake.

Ndugu wanachama, mtu anayetunyooshea bunduki siku ya uchaguzi huenda akawa mzaliwa wa Tabora, huenda akawa mzaliwa wa Mkwajuni. Aliyezaliwa Mkwajuni akipewa nyota kwa barua ya mkubwa wa chama, bila ya kushindaniwa na bila ya sheria, atamtumikia mwandika barua kama vile vile. Wa Tabora aliyeingia kwa mtihani, aliyeapa kwa katiba, mwenye pensheni isiyokatwa kwa hasira za mtu, huenda siku hiyo akaiteremsha bunduki. Nasi tunaolalamika leo ndio tunaojua adha ya kunyimwa karatasi. Wangapi humu wamezungushwa miezi na miaka kwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kikombe cha chai hapa, njoo Jumatatu pale, mpaka daftari la wapiga kura likafungwa? Tutadai vipi karatasi zetu zitoke kwa sheria, na papo hapo tudai za wengine zichanwe kwa asili?

Kuna jambo jengine la akili tu, tukiacha haki. Azimio likitoka kama lilivyo, litachapwa na wasiotupenda kabla hatujalichapa sisi. Litasomwa kambini kwa kila kijana wa bara aliyevaa gwanda, aambiwe: hawa wakishika serikali, wewe huna kazi, huna pensheni, huna pa kulala. Kijana yule jana alikuwa hatujui. Kesho tumekwisha kumwandikisha, kama Obote alivyowaandikisha Museveni askari huko Ankole. Litasomwa na kwa majirani zetu hapa Kwa Sadala, nao wana masikio.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta marekebisho. Maneno "wageni waondoshwe katika vikosi" yafutwe. Pahala pake pawekwe madai matatu yaliyo mafupi: yatangazwe majina ya wote waliopandishwa vyeo katika vikosi tangu uchaguzi uliopita, pamoja na kila jina itajwe njia aliyopandia, kwa mtihani, kwa muda wa kazi au kwa barua, na kama ni barua, ya nani, na askari yeyote, wa asili yoyote, asiachishwe kazi wala kupandishwa illa kwa kanuni iliyochapwa. Wenzetu wa Wete wametuandikia kwamba wataunga mkono. Wa Mjini hawajajibu.

Karatasi ya azimio iko kwa Katibu, na nakala bado hazijapigwa. Tunaomba kura ipigwe sasa, kabla ya sala ya alasiri, kwani wenye magari ya kwenda Boma Ng'ombe wamekwisha kuanza kuita abiria.